Gari limeshushwa, matairi yanalika ndani: tafuta chanzo kabla ya kununua spea za kemba

Gari likishushwa, tairi ndilo la kwanza kulalamika. Bega la ndani linaisha mpaka nyuzi zinachungulia, wakati upande wa nje bado una vile vinyweleo vya upya. Ukipeleka malalamiko kijiweni, jibu liko tayari: "Hiyo kemba, kaka. Katafute kiti ya kemba," yaani seti ya spea za kurekebisha kemba. Muuza spea naye hawezi kukukatalia. Unafunga bolti mpya au wishiboni (mikono inayoshika gurudumu) za kurekebisha, unavalisha matairi mapya, na baada ya miezi michache bega la ndani limekwisha tena.

Kwa magari mengi ya mtaani yaliyoshushwa kiasi, mlaji mkubwa wa tairi ni tou. Kemba inasaidia tu. Ndiyo maana hapa naanza na dalili, na spea zinaingia pale kipimo kinapozidai.

Tuelewane kwanza. Kemba ni mlalo wa gurudumu ukilitazama gari kwa mbele: sehemu ya juu ikiingia ndani ni kemba hasi, ikitoka nje ni chanya. Tou inaonekana ukilitazama gari kutoka juu: pua za magurudumu zikielekeana ni tou ya ndani, zikiachana ni tou ya nje. Kasta ni mlalo wa mhimili ambao gurudumu la mbele linageukia, nao unaonekana ukiwa ubavuni mwa gari.

Kwa gari la kwenda kazini kila siku, kemba ya kati ya digrii −1 na −1.5 haili tairi kwa namna ya kukutisha, mradi tou iko karibu na sufuri. −2 inavumilika kwa mtu anayependa kona. Ukipita −3 umeshaingia kwenye magari ya mashindano au ya maonyesho, na bei ya tairi uihesabu humohumo.

Pima nyumbani kabla ya kwenda dukani

Huhitaji mashine kujua kama una digrii moja au tatu. Jaza upepo sawasawa kwenye matairi, kisha lisukume gari mbele na nyuma mita chache ili likae. Ukitoka tu kulishusha kwenye jeki, matairi yanashika sakafu na kukupa kipimo cha uongo. Funga nati kwenye uzi, uning'inize upande wa nje wa gurudumu, mbele ya uso wa rimu, ukipita katikati bila kugusa tairi. Pima umbali kutoka kwenye uzi hadi kingo ya rimu juu, halafu kingo ya rimu chini. Kwa rimu ya inchi 17, kingo hadi kingo ni takriban milimita 460, na hapo kila digrii moja ni tofauti ya milimita 8. Nafasi ya juu ikiizidi ya chini kwa milimita 16, una −2.

Sakafu ya gereji nyingi imeinama kidogo. Geuza gari litazame upande wa pili palepale, pima tena, uchukue wastani. Halafu pima urefu kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) hadi kingo ya fenda, kila upande. Ukikuta koilova (shokapu ya kurekebisha urefu) ya kushoto iko chini kuliko ya kulia kwa sentimita moja, tofauti ya kemba unayoihangaikia huenda imeanzia hapo, na dawa yake ni spana ya koilova.

Jua pia gari lako limejengwaje. Impreza na Forester mbele, Vitz, IST na Corolla mbele, zote shokapu yenyewe ndiyo nguzo ya juu. Ukizishusha kemba inasogea kuelekea hasi, lakini si sana, na wishiboni ya chini ikishapita usawa na kuanza kuelekea juu, inavuta mguu wa gurudumu kurudi ndani. Gari la namna hiyo linaweza kushushwa kupita kiasi huku kemba ikionekana nzuri tu, ila barabarani linayumba. Magari yenye wishiboni mbili, kama Altezza, Mark X mbele na Civic za 1992 hadi 2000, yana wishiboni ya juu iliyo fupi kuliko ya chini. Kadiri gurudumu linavyopanda ndani ya fenda, ndivyo linavyolala. Hapo ndipo kemba huwa tatizo la kweli.

Nyuma ya Vitz ya magurudumu mawili kuna boriti moja ya kujisokota. Kushusha gari hilo hakubadilishi kemba ya nyuma. Ukikuta gurudumu la nyuma la Vitz limelala, tafuta boriti iliyopinda, spindo (shina linalobeba gurudumu) iliyopinda au beringi iliyochoka, na usikubali kuuziwa kiti ya kemba.

Bega la ndani limeisha na kiganja kinakwaruzwa

Pitisha kiganja juu ya tairi kutoka ndani kwenda nje, kisha urudi. Ukisikia laini upande mmoja na makali kama msumeno upande mwingine, ni tou. Tairi linaburutwa kiubavu kila mita unayokwenda, na kila kipande cha mpira kinachongwa.

Tou inabadilika gari linaposhushwa kwa sababu tairodi (fimbo zinazogeuza magurudumu) na wishiboni ya chini hazichori upinde mmoja. Gari likishuka, tairodi inasukuma au kuvuta mkono wa usukani, na mwelekeo unategemea kama stelingi reki, inayosukuma tairodi hizo, imekaa mbele au nyuma ya mhimili wa magurudumu. Ikiwa matokeo ni tou ya nje, pamoja na kemba hasi kidogo, mzigo wote unaangukia bega la ndani, na bega la ndani ndilo linaloburutwa. Hii ndiyo picha inayowafanya watu waapize kwamba ni kemba.

Dawa ni kurekebisha tou kwenye mashine ya alaimenti, inayopima pembe za magurudumu. Hakuna cha kununua, isipokuwa tairodi zikiwa na mchezo au nyuzi zake zimeganda kwa kutu. Baada ya hapo endesha wiki kadhaa, upapase tena. Wengi hadithi yao inaishia hapa.

Bega la ndani limeisha kwa mteremko laini

Kiganja hakikwaruzwi kokote, tairi limechakaa kama limekatwa kwa mshazari, na uzi umekuonyesha −2.5 au zaidi. Sasa ni kemba, na sasa tuongee spea.

Kwa gari lenye shokapu-nguzo, anza na bolti ya eksentriki. Inachukua nafasi ya moja kati ya bolti mbili zinazoshika shokapu na nako (chuma kinachobeba habu ya gurudumu). Shina lake ni jembamba kuliko la asili na lina tumbo upande mmoja. Ukilizungusha, nako inalala au inasimama. Nyingi zinatoa takriban digrii moja na nusu hadi moja na robo tatu kila upande. Kwa gari lililoshushwa sentimita tatu, mara nyingi hiyo inatosha, na ndiyo spea ya bei ndogo kuliko zote.

Mwenye Subaru asinunue kitu kabla hajatazama bolti ya juu ya shokapu ya mbele. Kwenye Impreza na Forester hiyo ni ya eksentriki tangu kiwandani, ina alama kichwani. Mafundi wengi wanaikaza kama bolti nyingine yoyote, popote ilipoangukia, na kemba ya kushoto na ya kulia zinaachana bila mtu kujua kwa nini. Ilegeze, izungushe, upime. Nyuma ya Impreza ya 2000 hadi 2007, na Forester ya kipindi kilekile, bolti ni za kawaida. Hapo ndipo pesa ya bolti za kemba ina kazi. Kuanzia Impreza mpya ya 2007 na Forester iliyofuata, nyuma walihamia kwenye wishiboni mbili, kwa hiyo usiagize bolti za gari la rafiki yako kwa kuwa tu yote ni Subaru.

Toyota nao wana njia yao ya kimyakimya. Kwa magari yao mengi ya shokapu-nguzo wanatoa bolti za kubadilisha zenye mashina membamba, zinazotofautishwa kwa nukta kichwani: moja, mbili au tatu. Kila hatua ni kama robo digrii. Ni spea halali ya kampuni, haina tumbo la kuteleza, na kwa Vitz au Corolla iliyoshushwa kidogo sioni sababu ya kutafuta kingine.

Koilova zinaleta mtego wake. Nyingi zina tundu la juu la mabano lililorefushwa ili kemba irekebishwe pale pale. Ukiweka bolti ya eksentriki kwenye tundu refu, tumbo lake halina pa kushika, na kinachozuia gurudumu lisilale ni mkazo wa nati peke yake. Angalia tundu kabla ya kulipia bolti. Na fundi akitaka kukurefushia tundu la shokapu ya kawaida kwa tupa au grinda, mimi namkatalia. Unamaliza chuma kilichokuwa kinashika, na hakuna kurudi nyuma.

Njia ya pili ni maunti za juu za kusogeza, zile sahani zenye mitelezo na alama za digrii. Tofauti yake na bolti ni hii: bolti inalaza nako dhidi ya shokapu, kwa hiyo tairi linasogea karibu au mbali na shokapu. Maunti ya juu inalaza shokapu na gurudumu kwa pamoja, na nafasi kati yao inabaki ileile. Kama una rimu pana ambayo tayari inapitisha kidole tu kati ya tairi na springi, na unataka kemba hasi zaidi, bolti italigusisha tairi, maunti haitaligusisha. Ukiwa unarudisha kemba kuelekea sufuri, njia zote mbili zinaleta juu ya tairi kwenye fenda, kwa hiyo pima nafasi ya fenda kwanza. Upana wa marekebisho unategemea ukubwa wa tundu la juu la bodi. Zipo gari ambazo maunti ya bei kali inasogea digrii moja tu.

Maunti nyingi za kusogeza zinatumia mpira wa chuma, yaani tufe linalozunguka kwenye kikombe chake, badala ya raba. Usukani unakuwa mkali na mzuri, lakini vumbi, mchanga na chumvi ya pwani vinaingia, na baada ya muda mpira unaanza kugonga. Kwa gari la kila siku hapa Dar, chagua yenye raba, au ile ambayo mpira wake unauzwa peke yake ili usinunue sahani nzima upya.

Kwa magari ya wishiboni mbili, spea inayohusika ni wishiboni ya kurekebisha. Hapa tazama kwa jicho kali. Zipo ambazo boljointi (kiungo cha tufe kinachounganisha wishiboni na nako) inateleza kwenye mfereji na kushikwa na bolti, na zipo zenye nyuzi katikati zinazorefushwa kwa kuzungushwa na kufungwa kwa nati ya kufuli. Za mfereji ni rahisi kufunga, lakini shimo moja zito linaweza kuzisogeza. Mimi ningelipia za nyuzi. Tazama kama boljointi inabadilishika bila kununua wishiboni nzima, kama raba ya vumbi ni nene au ni kama puto, na bushi (viungo laini vya kwenye ncha za wishiboni) ni za nini. Bushi za poliyurethani zinataka grisi kila baada ya muda, la sivyo zinalia kila tuta.

Kwenye Civic za zamani zilizoshushwa sana mbele, wishiboni ya juu inagonga bodi gurudumu linapopanda. Wishiboni mpya haiondoi hilo, na nyingine zenye vichwa vinene huongeza. Pandisha gari kidogo. Nyuma ya Civic hizohizo, mabano ya wishiboni ya juu yanafungwa kwenye bodi kwa bolti, na washa chache nene nyuma ya mabano zinasukuma juu ya gurudumu kutoka nje. Ni njia ya maskini, lakini inafanya kazi, mradi bolti bado zinaingia nyuzi za kutosha.

Nyuma kwenye magari yenye mikono mingi, kupunguza kemba hasi kuna milango miwili: kurefusha mkono wa juu, au kufupisha wa chini. Wa juu unasukuma kichwa cha gurudumu kwenye fenda. Wa chini unavuta mguu wa gurudumu ndani. Kama fenda tayari inakwaruza, nenda na wa chini, ukihakikisha kwanza kwamba springi haikai juu yake. Ikiwa inakaa, mkono huo lazima uwe na kikombe cha springi.

Gari linavuta upande mmoja

Gari huvuta kuelekea gurudumu la mbele lenye kemba chanya zaidi, yaani lisilolala ndani sana kama mwenzake. Tofauti ya nusu digrii kati ya kushoto na kulia inatosha kusikika. Kasta nayo huvuta kuelekea upande wenye kasta ndogo. Lakini barabara zetu zinainamia kushoto ili maji yamwagike, kwa hiyo kuelea kushoto taratibu si ugonjwa. Jaribu mahali tambarare.

Badilishana matairi ya mbele, kushoto kwenda kulia, kama si ya mwelekeo mmoja. Mvuto ukihama, ni tairi. Baada ya safari fupi gusa rimu. Moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, ni breki inayong'ang'ania.

Ukipata karatasi ya mashine inayosema kushoto −2.3 na kulia −0.7, jumlisha kabla ya kununua bolti. Kama magari mengine ya aina hiyo yaliyoshushwa vilevile yana −1.5 kila upande, jumla yako ni ileile. Kilichosogea ni krosimemba (fremu ya chini inayoshika wishiboni), imehamia upande mmoja. Hutokea baada ya kushusha injini au giaboksi. Legeza bolti zake, isukume irudi katikati, kaza.

Alaimenti haikai

Karatasi ilikuwa nzuri, wiki mbili baadaye usukani umelala. Ukiwa na bolti za kemba, chora mstari wa rangi unaopita kichwani mwa bolti hadi kwenye mabano siku ya alaimenti. Mstari ukikatika, bolti imeteleza. Sababu huwa ni nati iliyotumika mara nyingi, nyuzi zilizopakwa grisi, washa yenye jino iliyokaa nje ya tundu lake, au mkazo wa kukisia badala ya spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza.

Mstari ukiwa salama, shika gurudumu likiwa hewani, mkono mmoja juu na mwingine chini, ulitikise. Mchezo hapo ni beringi au boljointi, na hakuna kemba itakayokaa juu ya beringi iliyochoka. Kisha shuku shokapu. Gurudumu likiwa limening'inia na geji ya kemba imewekwa, zungusha shina la shokapu kutoka juu. Kipimo kikipanda na kushuka, shina limepinda. Shokapu ya namna hiyo watu huifidia kwa bolti ya kemba na kuendelea, mpaka siri yake inapovuja.

Bushi zinachangia kuliko zinavyotajwa. Raba ya bushi imeshikana na chuma ndani na nje, haizunguki, inajipinda. Fundi akikaza bolti za wishiboni gari likiwa juu ya jeki, bushi inabaki imejisokota gari linaposhuka, na kwa gari lililoshushwa msokoto ni mkubwa zaidi. Inachanika mapema na kemba inahama nayo. Bolti zote za bushi zikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake.

Kugonga na kuyumba

Likigonga ukizungusha usukani gari limesimama, ni maunti ya juu. Likigonga gurudumu moja linapopita kwenye shimo, anza na stebilaiza linki (fimbo fupi za kuunganisha baa ya kuzuia gari kulala kwenye kona), ambazo baada ya kushusha hukaa kwa pembe isiyo yake na zinahitaji kuwa fupi. Likigonga kwenye matuta makubwa tu, shokapu inafika mwisho.

Gari likipita kwenye bonde likaruka upande bila wewe kugeuza usukani, ni tairodi na wishiboni zilizoachana pembe. Spea yake ni boljointi na tairodi zenye shina refu, zinazorudisha pembe za asili. Zinachukua nafasi ndani ya rimu, kwa hiyo rimu ndogo huenda isipite.

Siku ya alaimenti, na dukani

Urefu wa gari uwe umeshapangwa, maana ukiugusa baadaye unaanza upya. Kemba ya nyuma ndiyo ya kwanza, kisha tou ya nyuma, kasta na kemba ya mbele, na mwisho kabisa tou ya mbele, kwa kuwa kila ukigusa kemba tou inahama. Sehemu nyingi wanagusa tou ya mbele tu na kukwambia tayari. Omba karatasi ya kabla na ya baada, yenye namba za magurudumu yote manne.

Ukienda Gerezani au Kariakoo, beba bolti ya zamani mfukoni, na kalipa (kifaa cha kupima kipenyo) kama unayo. Kipenyo na urefu vilingane na tundu, si na jina la gari kwenye boksi. Kichwani mwa bolti tafuta 10.9 iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Bolti laini isiyo na namba iache mezani. Kwa wishiboni, fungua nati ya kufuli palepale dukani, zungusha nyuzi mwanzo hadi mwisho. Zikikwama zikiwa mpya, zitaganda kabisa baada ya masika moja.